Majivu ya Mbao za Dawa

Kuni zilikuwa za wizi, na mwizi alikuwa mwenye nyumba mwenyewe.

Bi Takyang (padri na polisi walimwita Eustaquia, wengine wote Takyang) alichungulia dirishani kwanza. Mkwewe Merlinda alikuwa kisimani. Mwanawe Rodelio alikuwa bandani, amejipinda juu ya gogo la mnazi, msumeno wa mashine unalia kama nguruwe anayejua kesho ni sikukuu. Basi bibi akachukua ndoo, akajivuta polepole hadi nyuma ya banda, akainama juu ya shimo.

Ndani ya shimo mlikuwa na vipande vya ncha, vile vinavyokatwa mbao zikishatoka kwenye dawa ili zilingane urefu. Vilikuwa vikavu, vimenyooka, na rangi ya kijani ya mbali kama embe changa. Rodelio alikuwa anangoja shimo lijae avifukie.

"Kufukia kuni!" Bi Takyang alijisemea huku akijaza ndoo. "Kuni zinazikwa kama Wakristo. Imebaki kumwita padri tu."

Tangu kimbunga kilipoilaza minazi yote ya kijiji cha Kabalawan upande mmoja, kama watu waliolewa pamoja, Rodelio alikuwa fundi wa mbao. Nje ya mnazi ni kugumu, kunaliza msumeno, na huko ndiko hutoka nguzo. Tumbo lake ni laini kama mkate. Ukilijengea hivi hivi, mvua ya msimu mmoja inalilainisha na wadudu wanamalizia. Kwa hiyo Rodelio alipasua mapipa, akayaunga yakawa kama mtumbwi mrefu, akajaza maji na dawa ya kijani aliyouziwa na mfanyabiashara mmoja mjini katika gunia lisilo na maandishi. Humo mbao laini zililala mpaka zinywe zishibe. Akizitoa alivaa glavu za mpira hadi kwenye viwiko. Wanunuzi wakaja kutoka vijiji vya mbali. Paa la nyumba likarudi, Merlinda akapata meno ya bandia ya mbele, na Bi Takyang akapata kitu kipya cha kumteta mkwewe, yaani hayo meno.

"Mama," Rodelio alikuwa amemwambia, "vipande vya dawa usivikokee moto. Moshi wake mbaya."

Sasa, Bi Takyang alikuwa mtu wa kusikia neno lililosemwa, lisilosemwa halikumhusu. Mwanawe alisema moshi. Moshi unaukwepa kwa kukaa upande unakotoka upepo. Majivu hakuyataja, na yeye alichotaka ni majivu.

Kwa sababu suman bila maji ya majivu ni wali tu uliovaa nguo. Mchele wa kunata sharti ulowe kwenye maji yaliyochujwa majivuni, ndipo ufungwe kwa jani la mgomba, uchemke, utoke na rangi ya dhahabu na ule utelezi unaomfanya mtu afumbe macho. Miaka yote alichoma makumbi ya nazi. Mwaka huu mvua ilikuwa imeyalowesha makumbi yote, hayatoi kitu ila machozi, na kesho ilikuwa fiesta ya mtakatifu wa kijiji. Bi Takyang hakuwa tayari kuaibishwa na mvua.

Vipande vilishika mara moja. Mwali wake ulikuwa kijani kwa bluu, unacheza kama taa za Krismasi, na bibi alikaa upande wa upepo akiutazama kwa raha. Merlinda akatokea na maji yake, akasimama.

"Mama, hizo kuni umezitoa wapi?"

"Mbinguni."

"Si za shimoni hizo?"

"Kwani wewe umeolewa na mwanangu au na shimo?"

"Rodelio alisema..."

"Rodelio nimemzaa mimi. Analotaka kusema nalisikia hata kabla hajafungua mdomo. Wewe nenda kahangaike na makaroni yako ya mayonezi. Mayonezi kwenye jua! Mwaka huu tusipokufa kwa mayonezi yako, basi hatufi tena."

Merlinda alikaza midomo juu ya meno yake mapya, akapanda ngazi akaingia ndani. Bi Takyang akaapa moyoni kwamba safari hii huyo mwanamke hatapewa hata suman moja ya kuonja.

Akatimiza kiapo chake.

*

Siku ya fiesta huulizi mtu ametoka wapi. Aliyepanda ngazi ni mgeni, na mgeni anakula. Misa ilipokwisha asubuhi, nyumba ya Bi Takyang ilijaa mpaka sakafu ikawa inalalamika. Nguruwe wa kuchoma alilala mezani mzima mzima. Makaroni ya Merlinda yalikaa kwenye beseni lenye maua. Lakini macho yote yalikuwa kwenye sinia la suman. Zilikuwa na rangi ambayo Kabalawan haijawahi kuiona, dhahabu yenye ukijani kwa ndani, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

"Takyang, mwaka huu umetia nini?"

"Umri."

"Kuna kaladha hivi kama ka senti ya shaba," akasema mmoja akilamba vidole. "Lakini tamu!"

Rodelio alikula akiwa amesimama, moja baada ya nyingine, jani linadondoka mguuni kwake. "Mama, mwaka huu umejipita mwenyewe." Bi Takyang alimpiga kofi la mapenzi mgongoni. Yeye hakuonja, sukari ilikuwa imemkataza wali wa kunata, na alimwogopa muuguzi wa zahanati kuliko alivyomwogopa shetani.

Bi Donata naye alikuja, mke wa Severo, yule mzee msimamizi wa kanisa. Alikuja na mkoba wake mweusi mkubwa. Alikaa wima, akasema anaonja moja tu kwa heshima ya mtakatifu, akaitafuna kama anayehesabu maombi. Halafu Bi Takyang akatazama dari.

Hiyo ndiyo adabu ya huko. Mgeni hubeba chakula cha kwenda nacho nyumbani. Maskini huomba wazi, wakafungiwa kwenye mfuko. Mwenye heshima zake haombi. Mwenye nyumba hutazama dari kidogo, na akishusha macho, sinia limepungua na mkoba umevimba, na hakuna aliyeona kitu. Bi Takyang alitazama dari kwa muda mrefu wa kutosha. Aliposhusha macho, upande mmoja wa sinia ulikuwa mtupu, na Bi Donata anafunga mkoba huku akisifia pazia.

Kabla ya saa sita sinia zima lilikuwa tupu. Bi Takyang alilipindua juu chini ili kila mtu aone.

*

Rodelio ndiye aliyeanza. Aliweka bilauri chini, akasema, "Tumbo," akatoka nje, akaanguka chini ya ngazi. Watu walicheka kwanza. Siku ya fiesta mwanamume kuanguka chini ya ngazi si habari.

Halafu wakaacha kucheka. Alitapika mpaka kikabaki kitu cha maji meupe, na bado mwili unasukuma. Suruali ililowa mbele ya wageni. Aliita, "Mama," kwa sauti ambayo Bi Takyang hakuwa ameisikia tangu mtoto huyo aote meno. Jirani mmoja aliyekuwa anamwinua akamwachia ghafla, akakimbilia kwenye migomba, naye akaanza.

"Chakula!" mtu akapiga kelele. "Chakula kimeharibika!"

Bi Takyang hakufikiri hata kidogo. Neno lilikuwa tayari mdomoni tangu jana. "Mayonezi," alisema. "Nilisema mimi. Mayonezi kwenye jua!"

Watu wote wakamgeukia Merlinda, ambaye alikuwa amepiga magoti kwenye matapishi akimshika mumewe kichwa.

"Mama, makaroni hata mimi nimekula," akasema Merlinda. "Nimekula sahani nzima."

"Na mbona wewe mzima?" akauliza mwanamke mmoja.

Ni swali baya hilo. Ukilijibu umekosea na usipolijibu umekosea. Walimpakia Rodelio kwenye pikipiki yenye kigari cha kubebea mbao, kichwa kwa mkewe, miguu kwa mamaye, kijana wa jirani akiendesha, na wakati wanaondoka Bi Takyang alisikia swali lile linarudiwa nyuma yao, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Mbona yeye mzima?

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa na vitanda vichache na fiesta moja. Wagonjwa wa Kabalawan walikuwa wanaletwa mmoja mmoja, wanalazwa kwenye mabenchi ya ukumbini. Muuguzi alimtazama Bi Takyang, aproni yake, miguu yake isiyo na viatu, akasema, "Dripu zimekwisha. Mkanunue duka la ng'ambo ya barabara. Na mpite nje, msipite hapa, sakafu imepigwa deki."

Merlinda alitoa peso za nguzo zilizouzwa juzi, akazunguka nje juani, akarudi na dripu kifuani kama mtoto mchanga. Alipopita kwenye mabenchi, mwanamke mmoja alivuta miguu yake ndani ili asiguswe naye. Bi Takyang aliliona hilo. Akajiambia ni haki yake. Mayonezi ni mayonezi.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliinama juu ya Rodelio, akanusa.

"Pumzi yake inanuka kitunguu saumu."

"Daktari, kwetu hata padri ananuka kitunguu saumu."

Kijana hakucheka. "Hii nyingine, Bibi. Nyumbani kuna sumu ya panya?"

"Kuna paka."

"Dawa ya magugu?"

"Hakuna."

"Mnafanya kazi gani?"

"Mbao za mnazi. Mwanangu anapasua, analoweka, anauza."

Daktari akainua kichwa. "Analoweka kwenye nini?"

"Dawa. Ya kijani. Lakini hakuna mtu anayeweza kuinywa ile, daktari, ina rangi ya chura."

"Hamkupikia kwa pipa lake? Hamkuchotea kwa ndoo yake?"

"Hata!" Hapo Bi Takyang alikasirika kabisa. "Sisi si wajinga."

"Na vipande? Mabaki ya hizo mbao, mnafanyia nini?"

Bi Takyang alifungua mdomo aseme vinafukiwa. Ni kweli vilikuwa vinafukiwa. Badala yake masikio yake yakaziba, kama mtu aliyesukumwa kisimani, na kwa mbali akamwona Merlinda upande wa pili wa kitanda. Merlinda hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama sakafu iliyopigwa deki, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua tangu muda, tangu kwenye kigari, tangu labda chini ya ngazi, na ambaye amefunga mdomo makusudi ili mwingine aufungue wa kwake.

"Daktari," Bi Takyang alisema, na sauti ilikuwa ya kizee kwa mara ya kwanza, "kibaya si moshi wake?"

"Moshi mbaya. Majivu mabaya zaidi. Kuni zinaungua, sumu ya ile dawa haiungui. Nyingi inabaki majivuni."

"Yote?"

"Ya kutosha kuua. Kwa nini?"

Akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini kabisa, ameshika mkono wa koti lake ili ainame, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Alimwambia juu ya mwali wa kijani, kitambaa cha kuchujia, maji yaliyotona usiku kucha ndani ya beseni, meupe safi, mazuri. Aliona rangi ikimtoka kijana usoni.

"Kuna dawa ya kuizima," daktari alisema. "Hapa hatuna. Napiga simu mjini sasa hivi. Hizo suman zimebaki ngapi?"

Bi Takyang akakumbuka sinia alilolipindua juu chini. "Hakubaki hata moja. Watu wamebeba."

"Wamebeba wapi?"

"Kwao."

"Basi nendeni mkazirudishe, Bibi. Zote. Kila mlango. Aliyekula aletwe hapa, na ambaye hajala asile. Leo ni fiesta, wataendelea kula mpaka jioni. Unanielewa? Kila moja iliyobaki ni mtu."

*

Walirudi na pikipiki ileile, Merlinda anaendesha, bibi kwenye kigari na gunia tupu mapajani. Bi Takyang alitunga maneno. Nitasema hivi, nitasema vile. Alipoanza kuyatamka kisogoni kwa mkwewe, injini iliyameza, na alishukuru.

Mlango wa kwanza Merlinda ndiye aliyesema. "Chakula cha kwetu kimeingia sumu. Suman mliyobeba msile, tupeni tuondoke nayo."

Alisema "chakula cha kwetu." Hakusema cha nani. Akangoja, na Bi Takyang alijua anangojwa. Akatazama dari ya jirani.

"Sumu!" mwenye nyumba akamrukia Merlinda. "Ulitaka kutuua, wewe mwanamke?"

Wakarudishiwa suman zao. Mlango wa pili waliambiwa, "Takyang, umekuwa mchoyo mpaka unadai chakula ulichokwisha gawa?" na ikabidi Merlinda aeleze tena, na tena akatukanwa yeye. Nyumba ya tatu walikuwa wamewapa kuku suman zao, na kuku walikuwa wamelala uani miguu juu, na watoto wanawachokoa kwa kijiti. Mwenye kuku alimmwagia Merlinda maji ya vyombo, mabaki ya wali yakamng'ang'ania kwenye nywele.

"Kuku wangu! Na mumeo unamuua kwa nini, ana bima?"

Merlinda alijifuta uso kwa kiganja. Akainama, akaokota suman zilizotupwa, akazitia guniani.

Mlango ujao nitasema, Bi Takyang alijiahidi. Akaahidi hivyo kila mlango. Ulimi wake, ule uliokuwa haujakosa jibu tangu ubatizo, ulikuwa umekauka kinywani kama jani la mgomba. Watu walikuwa wanampa pole. Ndiyo, pole! "Pole Bi Takyang, kuzeekea kwa mkwe kama huyo." Naye alipokea pole hizo kwa kuinamisha kichwa, na gunia linazidi kuwa zito mapajani.

Mwisho ikabaki nyumba ya Bi Donata.

Ilikuwa nyumba ya mbao za nje ya mnazi, zile ngumu, zilizopakwa rangi nyeupe. Bi Donata alisimama mlangoni na nguo zake za misa. Majirani walikuwa wamewafuata kwa nyuma kama maandamano ya mtakatifu.

"Suman?" akasema Bi Donata. "Mimi nilionja moja. Mlikuwepo."

"Bi Donata," Merlinda akasema, "kama kuna zilizobaki..."

"Zilizobaki wapi? Unasema nilibeba?" Akawaangalia watu waliokuwa nyuma. "Unasema mimi, mke wa msimamizi wa kanisa, nilitia chakula cha watu mkobani?"

"Sisemi hivyo. Nasema ni sumu. Watakaozila wanaweza kufa."

"Sumu umeweka wewe, na wizi unipakazie mimi! Mwanamke umemlisha mumeo, umelisha kijiji, sasa umekuja kumaliza heshima yangu. Toka kwenye ngazi yangu!"

Akaanza kufunga mlango. Merlinda akamgeukia mama mkwe. Maji ya vyombo yalikuwa bado yanamtona shingoni.

Bi Takyang alishuka kwenye kigari. Alipanda ngazi ile kwa mikono na miguu, akaweka kiganja kati ya mlango na mwimo wake.

"Donata. Suman ni zangu. Kuni nilizichukua mimi kwenye shimo la dawa, nimekatazwa nikachukua. Majivu niliyachuja mimi. Huyu mtoto hakugusa kitu, aliniuliza, nikamtukana. Na mkobani mwako nilitia mimi."

"Ulitia...?"

"Nilitia mimi, ulipokuwa unasifia pazia. Nilitaka ufike nyumbani uone umebebeshwa chakula kama ombaomba, nije nikucheke. Wewe hukujua. Hukuona. Heshima yako iko palepale. Nenda kaangalie mkobani, utazikuta, na utajua mimi ni mwanamke wa namna gani."

Mambo manne ya kweli na uongo mmoja, kwa pumzi moja, na kati ya watu wote waliosimama pale wawili tu walijua upi ni upi. Bi Donata akauachia mlango.

"Ndiyo maana mkoba ulikuwa mzito," akasema taratibu.

"Ndiyo maana."

Nyuma yao yule mwenye kuku akatazama nywele za Merlinda.

Bi Donata aliingia, akarudi na mkoba. Hakuufungua, aliutoa wote, na kitambaa chake cha misa ndani, na rozari. Bi Takyang alipitisha mkono ndani. Alijua sinia lilivyokuwa limepungua. Zilizomo hazikufika.

"Nyingine ziko wapi?"

"Severo anapenda suman." Sauti ya Bi Donata ilikuwa ndogo. "Nilimwambia nimepewa. Alikula, akasema kichwa kinamuuma, akalala. Nilidhani ni pombe ya mnazi. Amelala tangu..." Akageuka, akatazama mlango wa chumba kama hajawahi kuuona. "Kimya sana leo. Kila siku anakoroma."

*

Walimtoa Severo kwa shuka, watu wanne wakishika pembe, na mmoja wa wanne hao alikuwa mwenye kuku. Mzee alikuwa anapumua. Hilo lilisemwa na kurudiwa njia nzima: anapumua, anapumua. Bi Donata alikaa kwenye kigari bila viatu, kichwa cha mumewe mapajani, anatengeneza kola ya shati lake.

Dawa ilikuwa imefika kutoka mjini. Rodelio alikuwa amechomwa sindano ya kwanza na mwili wake umeacha kusukuma. Muuguzi, yule wa deki, alikuja mpaka kwenye benchi na kusema, "Bibi, mwanao amefumbua macho. Anakuuliza."

Merlinda akainuka. Bi Takyang akabaki amekaa.

"Mama, twende."

"Tangulia wewe. Anza kumwona wewe." Akasogeza mkono, akamtoa mkwewe punje ya wali iliyokuwa imekaukia juu ya sikio. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa bila kumsukuma. "Mwambie nilikisikia alichosema. Mwambie nilikisikia vizuri sana."

Merlinda alisimama kidogo, kama mtu aliyepewa kitu asichojua akishikeje. Halafu akaenda.

Wakabaki vizee wawili kwenye benchi, mbele ya mlango walikompitisha Severo. Mmoja alikuwa na nguo za misa na miguu mitupu, mwingine aproni na miguu mitupu.

"Nenda kwa mwanao, Takyang," Bi Donata akasema bila kumtazama. "Kwangu hakuna la kufanya."

"Nipo."

"Kama nisingetia mkobani..."

"Nilitia mimi. Umesahau?"

Bi Donata alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Bi Takyang alikuwa bado anaona mwali ule wa kijani na bluu, na yeye ameketi kwa raha upande wa upepo, akiutazama.

Mlango ukafunguka. Daktari alitoka, akavua glavu moja, akasahau ya pili. Aliwatazama wale vizee, huyu na huyu, na uso wake ulikuwa umekwisha kusema yote kabla ya mdomo.

"Mke wa mzee ni nani kati yenu?"

Bi Donata akaanza kuinuka. Bi Takyang akamwekea mkono begani, akamkalisha, akasimama yeye.

"Mkewe ni huyu," alisema. "Lakini anza kuniambia mimi. Mimi ndiye niliyemlisha."